Kisu cha Tikiti na Nywele za Shangazi

Siku ya hina ya dada yangu nilipewa cheo. Mama alinikabidhi kapu la ukindu, akaniketisha kwenye kizingiti cha mlango wa uwani, akasema, "Hapiti mtu na simu." Wenzangu wa kidato cha tatu wana vyeo vya maana. Mmoja ni kiranja wa maktaba, mwingine nahodha wa timu ya netiboli. Mimi nikawa afisa wa forodha.

Kwetu Mji wa Kale, shughuli ya wanawake ni ya wanawake. Wanaume hubaki kichochoroni na masufuria yao ya biriani, na ndani watu huvua buibui, huvua mitandio, hufungua nywele, hujifunga leso viunoni na kucheza mpaka jasho liwatoke. Simu ikiingia humo ni kama mwanamume ameingia. Picha ikishatoka, hairudi. Kwa hivyo kila mgeni alipofika nilimkaribisha kwa heshima zote.

"Aleikumsalaam, bibie. Simu kapuni, viatu ukutani, umbea pita nao."

"Na mume wangu akinipigia?"

"Nitapokea mimi. Nitamwambia ushaolewa kwingine."

"Mwana huyu hana adabu!" Lakini wakacheka, na simu zikaingia.

Wa mwisho kufika alikuwa shangazi, dada yake baba. Inafaa nimweleze, maana bila yeye hakuna hadithi. Shangazi ni mwalimu wa chuo huko Bondeni. Amefundisha nusu ya mji kusoma Kurani, na nusu hiyo bado inamwogopa. Watu wazima wenye ndevu zao wakimwona barabarani hutupa sigara. Hii sheria ya kapu aliitunga yeye, na alipofika alitangulia kunihoji mimi.

"Na yako?"

"Iko chini kabisa, shangazi. Imelaliwa na zote."

Akanitazama kama anayesoma herufi ndogo. Kisha akaiweka yake juu ya nyingine zote, akaingia.

Ndani akavua buibui. Wallahi sikujua. Miaka yote nilijua shangazi ni uso, miwani na sauti. Kumbe ana nywele mpaka kiunoni, nyekundu kwa hina, na gauni la mikono mifupi lenye maua makubwa, na kiuno ambacho kimesoma chuo kingine tofauti na kile anachofundisha. Ngoma ilipolia alijifunga leso akaingia kati, na wanawake wakapiga vigelegele hadi paka wakahama kwenye paa. Nilijisemea kwamba kesho chuoni akinitandika nitamkumbusha.

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono na miguu ameitandaza mbele kama nguo inayoanikwa, hina bado mbichi. Bibi harusi akiwa na hina mbichi hawezi hata kujikuna pua. Kando yake palikuwa na sinia la matunda, na juu ya sinia, katikati ya vipande vya tikiti, kisu cha mama. Mpini wake ni wa kijani, wa plastiki. Kisu hicho hata papai lililoiva hulibembeleza likatike.

Ndipo nikasikia buti.

Wiki zile kulikuwa na msako. Vijana fulani walikuwa wakiwapora watu kwa visu vichochoroni, jambo ambalo ni kweli na lilituudhi sote. Dawa ya polisi ikawa kumkamata kila aliyekuwa kijana na aliyekuwa kichochoroni. Kaka yangu alikuwa vyote viwili. Alikuwa akichochea moto chini ya sufuria pamoja na mpishi. Alikuwa amemaliza masomo yake ya ufundi na bandarini walishamkubali kwenye mafunzo ya kuendesha winchi. Kilichobaki kilikuwa cheti cha tabia njema, ambacho hutolewa na nani? Na polisi. Alishachukuliwa alama za vidole, anangoja.

Basi kwa nini alikimbia? Wakili alimuuliza, baba alimuuliza, hata mimi nilimuuliza. Kijana wa kwetu akisikia buti, mguu huamua kabla ya kichwa kupata habari.

Alinipita mlangoni kama upepo. Na hapa mkumbuke kwamba anaingia mahali palipojaa wanawake waliovua mitandio, na ni mtoto wa watu aliyelelewa. Alichofanya ni kujifunika macho kwa viganja vyote viwili. Akakimbia hivyo hivyo, kipofu wa kujitakia, akamkanyaga mtu, akaligonga sinia la matunda kwa goti, akaangukia ukuta wa mwisho, akachutama hapo na viganja usoni, akipiga kelele, "Sioni! Sioni, wallahi sioni!"

Aliponipita tu, mkono wangu ulikuwa umeshaingia kapuni. Uliikuta ya juu. Simu iliyofungwa huwezi kuifungua bila nambari ya siri, lakini kamera yake hufunguka tu. Nikaielekeza uwani, nikabonyeza.

Waliingia watatu. Hodi hawakupiga. Sijui niielezeje sauti iliyotoka pale. Mayowe nimeshayasikia, lakini haya yalikuwa ya wanawake wanaokimbilia nguo. Mmoja akajifunika mkeka. Mmoja akaingiza kichwa kwenye pazia, mwili wote nje. Mama akavuta kitambaa cha meza, na sahani zote zikamfuata. Dada yangu, na ile mikono yake ya hina, alibaki pale pale amekodoa macho, maana bibi harusi haonwi na mwanamume wa kando mpaka aolewe, na sasa wanaume wa kando walikuwa watatu na wana marungu.

Shangazi alikuwa ameshaipata leso yake. Ilikuwa tayari kichwani. Akaivua, akamtupia dada, ikamfunika mzima mzima. Kisha akasimama wima mbele ya askari mrefu aliyetangulia, kati yake na kaka, nywele zile nyekundu mgongoni, mikono wazi.

"Toka njia, mama."

"Toka weye kwanza. Rudi mlangoni, upige hodi, ndipo tusemezane."

"Tunatafuta mhalifu."

"Mhalifu amefumba macho. Nyinyi mwatazama nini?"

Yule mrefu aliinua rungu akalipitisha juu ya bega la shangazi, likamshukia kaka mbavuni. Mara mbili, labda zaidi. Kaka hakuondoa viganja. Kisha yule mrefu akainama, akakiokota kisu cha mama kutoka kwenye sinia, mbegu ya tikiti imekiganda, akakiinua juu.

"Na hiki ni cha nini?"

"Cha tikiti!" Uwa mzima ulijibu, hata kichwa kilichokuwa kwenye pazia.

Ndipo akaniona. "Wewe! Nani amekuruhusu kurekodi? Kumpiga picha polisi akiwa kazini ni hatia!"

Shangazi akamjibu bila kugeuka. "Hatia ni hiyo uliyoingilia mlangoni."

Mimi ushujaa sina. Niliiangusha simu kapuni nikalitikisa kapu kama anayepepeta mchele. Akaja juu yangu. "Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Simu kama thelathini, nyeusi na za rangi, zenye vifuniko vya maua, moja ina picha ya mtoto, na kwa bahati moja ikaanza kulia kaswida. "Chagua, afande," nikamwambia. "Zote za wageni." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbu. Sijui nilipata wapi huo mdomo.

Nje watu walikuwa wakijaa. Mwenzake akamwita, "Twende, twende." Wakamwinua kaka, pingu zikaingia, na hapo ndipo viganja vilipomtoka usoni kwa nguvu, yeye akafumba macho akatolewa hivyo. Wa mwisho alipita na sambusa mbili. Nilizihesabu akinipita: mbili.

Mama alikuwa ameshatoka nje na kile kitambaa cha meza. Halafu jirani mmoja akaniuliza, "Mwana wewe, ulikuwa ukipiga picha?"

Na wote wakageuka. Dakika moja tu iliyopita walikuwa wameungana dhidi ya polisi, na sasa dhidi yangu. "Futa! Futa sasa hivi! Tuko uchi humo!" Uchi wenyewe ni nywele na mabega, lakini mimi ni nani nipime uchi wa mtu.

"Nimefuta," nikasema.

Nilikuwa sijafuta. Shangazi alilijia kapu, akaitafuta yake, akaenda zake na leso ya kuazima.

*

Kaka alishtakiwa kwa kupatikana na silaha na kumtishia afisa nayo. Hakimu alipanga dhamana ambayo ukoo mzima ukiuzwa pamoja na paka wake haitimii, kwa hivyo akapelekwa rumande. Dada aliolewa bila kaka yake. Watu walikula biriani bila kusema sana. Bandarini walipiga simu kuuliza cheti, na baba akajibu kwamba kijana amesafiri. Baba hajui kudanganya. Alisema "amesafiri" kama mtu anayetema kidonge.

Asubuhi ya kwanza baada ya yote yale, shangazi aliniita kwake Bondeni. Nilivaa jozi mbili za soksi miguuni kwa ajili ya bakora. Nilimkuta amekaa chumbani, simu mbele yake kwenye mkeka.

"Hii ni nini?"

"Simu yako, shangazi."

"Usinichezee shere mie. Ndani yake."

Kicheko, ambacho ndicho ugonjwa wangu, hakikuja.

"Nimejiona," akasema. "Nimejiona mara tatu. Sikujua mgongo wangu umepinda hivi." Akavua miwani akaipangusa. "Halafu mara ya nne sikujitazama mie. Nimemtazama kaka'ko. Viganja viwili usoni tangu mlangoni hadi ukutani. Kisu amekishika kwa meno?"

Tukaenda nayo kwa baba. Lilikuwa kosa letu la kwanza, au labda halikuwa kosa, sijui. Baba aliitazama mpaka pale shangazi alipovua leso, akaigeuza simu uso chini kwenye meza.

"Haiendi popote."

"Mwanao yuko rumande," shangazi akasema.

"Mwanangu ni mwanamume. Atatoka. Wewe ni dada yangu. Hakimu akutazame kichwa wazi, karani akutazame, na wale watatu waliokwishakuona wakutazame tena, mara hii wamekaa kwenye viti?"

"Bandari haitamngoja."

"Bandari isimngoje!" Baba aliipiga meza. Sikuwahi kumwona akiipiga meza. Kisha akasema chini chini, kwa sauti ambayo haikuwa ya ugomvi hata kidogo, "Babaangu aliniachia wewe. Alikufa ameniachia wewe."

Shangazi alikuwa ameshashika buibui lake. "Na mie aliniachia nani?" akasema. Tukatoka.

Wakili tuliyempata ni mama wa kutoka bara, Mkristo, mwanamke mwenye kucheka kwa nguvu, ofisi yake iko Mwembe Tayari juu ya sehemu wanapokata tiketi za mabasi. Kila akisema jambo la kisheria, chini mtu hudakia, "Nairobi! Nairobi moja imebaki!" Aliitazama ile picha akiwa amekunja uso.

"Kwanza," akaniambia, "yule afisa alikudanganya. Hakuna sheria inayokukataza kumrekodi polisi akiwa kazini, mradi humzuii kazi yake. Wewe ulikuwa kwenu, mlangoni pako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Yeye je, ameelewa?"

"Anaelewa sana. Ndiyo maana alikuja moja kwa moja kwenye kapu." Akairudisha nyuma picha. "Sasa kinachonisumbua ni hiki. Mbona kijana amejifunika uso? Watasema anaficha sura. Hiyo ndiyo kazi ya mhalifu."

Tukatazamana na shangazi. Ilikuwa wazi kwetu kiasi kwamba hatukuwa hata na maneno yake. Mimi nikaanza kueleza nikachanganyikiwa, nikataja mkeka na pazia na kichwa cha jirani.

"Ameficha macho," shangazi akasema. "Hakuficha sura. Ameingia penye wanawake waliovua, asingetutazama. Angekuwa na mikono minne angeificha na pua."

Wakili akaegemea kiti. "Hayo," akasema polepole, "mimi siwezi kumwambia hakimu. Lazima aseme mtu aliyekuwepo."

"Ntasema."

"Na picha yenyewe lazima iende kama ilivyo, kwenye simu hii hii. Tukiikata au tukifuta sura, watasema tumeichezea. Nitaomba itazamwe faraghani, chemba. Lakini kiongozi wa mashtaka lazima apewe nakala. Ni haki yao pia."

"Nairobi! Nairobi hiyo inaondoka!"

"Nakala," shangazi akarudia, kana kwamba ameonja kitu.

Wanawake wengine pia walikuwa ndani ya picha ile, kwa hivyo tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiwaomba ruhusa. Hiyo ndiyo safari iliyonishinda. Nilikuwa nimewaambia wote nimefuta, na sasa nasimama mlangoni mwao, kumbe sikufuta. Mmoja alinivuta sikio. Mmoja alilia. Yule wa pazia alisema yeye hana neno, kichwa chake hakionekani, na mwili watu hawaujui. Aliyefanya mkeka kuwa nguo alikataa katakata, akafunga mlango, halafu akaufungua kidogo akauliza, "Kwani yule mtoto anakula huko?" Shangazi akajibu kwamba anakula kama wanavyokula wengine. Mwanamke akasimama, mkono kwenye komeo. "Hakimu tu?" "Hakimu na wale wa lazima." "Basi."

*

Chemba ya hakimu ni chumba kidogo chenye feni inayoyumba. Mimi niliitwa kuthibitisha kwamba ndimi niliyechukua picha. Nilikuwa na sare ya shule. Nilikuwa nimejiandalia na mzaha mmoja, kusema kweli, wa kumlegeza hakimu, lakini nilipoingia nikamwona kaka amekonda shingo, mzaha ukanipotea.

Waliokuwemo mbali na sisi: hakimu, karani, kiongozi wa mashtaka, wakili wetu, yule askari mrefu. Wote wanaume isipokuwa wakili. Kabla ya kubonyeza, hakimu alimwambia shangazi, kwa upole kabisa, "Mama, unaweza kusubiri nje tukiitazama."

"Nitakaa," shangazi akasema. "Wakinitazama, na mie niwatazame."

Akakaa. Amevaa buibui, mtandio umefungwa hadi kidevuni, miwani. Na kwenye meza, ndani ya simu, shangazi yule mwingine akaanza kupiga kelele, kichwa wazi. Nilimtazama kiongozi wa mashtaka. Alitazama sehemu, kisha akamtazama shangazi, kisha akatazama kalamu yake, hakuinua tena macho. Yule mrefu alitazama yote. Kaka, kwenye kiti chake, alikuwa ameinamisha kichwa, macho amefumba tena.

Kisha shangazi akaeleza habari ya viganja. Alieleza kama anavyowaeleza watoto herufi, bila haraka. Hakimu akaomba irudishwe pale kisu kinapookotwa. Ikarudishwa. Akaomba tena. Ile mbegu ya tikiti ilionekana vizuri kuliko mtu yeyote mle chumbani.

Upande wa mashtaka uliomba muda wa kutafakari, na baadaye wakaiondoa kesi. Hawakusema kwamba wamekosea. Kaka alitoka akiwa na mfuko wa plastiki wa nguo, na baba akamshika kwa mikono miwili mbele ya watu, na hakumtazama shangazi, wala shangazi hakumtafuta. Bandarini nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine, lakini walimwambia ajaribu mafunzo yanayofuata. Cheti cha tabia njema bado hakijatoka. Tukiuliza, wanasema mtandao uko chini.

Yule mrefu yuko. Siku moja nikitoka shule nilimkuta kwenye kona ya kwetu, ameegemea ukuta, anakula machungwa.

"Mrembo," akaniita, "leo hupigi picha?"

Kila siku mimi ndiye mwenye jibu. Walimu wananiandikia ripoti kwa sababu ya majibu. Nilipita nimeinamisha kichwa, na maganda ya machungwa yakaniangukia karibu na viatu.

Jumamosi moja kaka akasema twende Mama Ngina, kando ya bahari, tukale mihogo, kwa kuwa nimekuwa kimya na kimya changu kinamtisha. Tukakaa ukutani, mihogo ya moto, pilipili na ndimu, watu wamejaa. Kando yetu vijana wanne walikuwa wamebanana kwenye simu moja wakicheka. Nilisikia sauti kabla ya kuona. "Toka weye kwanza!" Halafu kicheko. Wakaanza upya. "Toka weye kwanza!"

Kaka aliinuka na karatasi yake ya mihogo. Nikainuka naye. Tulitazama juu ya mabega yao. Ni sekunde chache tu. Shangazi, nywele zile, mikono wazi, amefunua mdomo, mtu amemwekea muziki wa dansi ili ionekane anacheza. Chini yake maandishi: *Ustadhati akiwa hayuko chuoni.* Askari hayumo. Rungu halimo. Kaka hayumo. Kisu hakimo.

"Mmeipata wapi?" kaka akauliza.

"Kila mtu anayo, bro. Unataka nikutumie?"

Nilimshika shati kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Nilijua akimgusa yule kijana, kuna wanaongoja sababu hiyo, na niliwaona, askari wawili, wamesimama upande wa pili wa barabara na radio zao. Nilimvuta. Alikuja, huku karatasi ya mihogo akiifinya mkononi.

Nani aliyeitoa, hatujui. Nakala ilipita mikono mingi. Wakili ameandika barua ya malalamiko, na amejibiwa kwamba imepokelewa.

Nilikwenda Bondeni peke yangu. Nilitaka nimwambie kabla hajaambiwa. Mlangoni mwa chuo, viatu vya watoto kwa kawaida hujaa mpaka barabarani, wapita njia hulalamika. Siku ile niliingia bila kuruka hata kimoja. Vilikuwa vimepangwa safu moja ukutani, na nafasi imebaki. Ndani watoto wachache walikuwa wakisoma, na msichana mmoja mdogo alinitazama, akamtazama shangazi, akaziba mdomo. Shangazi akawaachia mapema. Akafunga mlango.

"Nionyeshe," akasema.

"Umeshajua?"

"Wazazi watatu wamekuja kuwatoa wanao. Walisema wanahama. Wote watatu wanahama wiki moja. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Aliitazama bila sauti, kisha na sauti, na ule muziki.

"Kisu ki wapi?"

"Wamekikata."

"Na kijana?"

"Wamemkata."

"Na yule wa rungu?"

"Naye."

"Nimebaki mie peke yangu." Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyeachwa kituoni. Kisha akaitoa simu yake, ile tuliyorudishiwa na mahakama, ikiwa bado na kibandiko cha nambari ya kesi mgongoni. "Ile nzima imo humu. Wewe wajua mambo haya. Wafunike wanawake wa watu. Mmoja mmoja, usimruke hata yule wa pazia. Mama'ko pia. Dada'ko amekwishafunikwa."

"Na wewe?"

"Mie niache."

"Shangazi, ikitoka hairudi."

"Kwani hii imerudi?" Akanyooshea kidole simu yangu. "Wamenitoa bila kisu. Nitoe na kisu."

Nilifanya kazi hiyo nimekaa juu ya mkeka wa watoto. Ni kazi ya kuchosha. Watu wanakimbia, kila sura unaifuata hatua kwa hatua na doa la ukungu unaliburuta juu yake. Mama na kitambaa cha meza. Jirani wa mkeka. Wengine ambao sikujua kama walikuwemo. Nilisema nikimaliza nitaweka maelezo chini, niandike vizuri, nieleze viganja ni vya nini. Nilijaribu mara nyingi. Kila sentensi ilitoka na mzaha ndani yake, na nilipoutoa mzaha hakikubaki kitu. Mwishowe shangazi akaniambia nisiandike chochote.

Aliitazama yote mara moja. Pale rungu lilipopita juu ya bega lake aligusa bega hilo kidogo, nadhani bila kujua. Kisha akaichukua simu mkononi mwangu, akauliza ni kipi cha kubonyeza ili itoke kwa watu wote, nikamwonyesha, akakibonyeza mwenyewe.

"Baba'ko atakuja juu," akasema.

Aliiweka simu kwenye mkeka kati yetu. Ilikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyodhani. Halafu ikaanza kutetemeka, na jina lilikuwa la baba. Shangazi alikaza mtandio wake ingawa tulikuwa wawili tu na mlango umefungwa, akaitazama mpaka ikanyamaza, na ikaanza tena.